Samaki wa Mjomba Gaudensi

Siku tuliyomzika mjomba wangu Gaudensi, watu walicheka. Sisemi kwamba walimdharau; walimpenda, na ndiyo maana walicheka. Tulikuwa tumekwisha kunawa mikono na kukaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kigangoni, ukungu wa Maguu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mwanawe wa kwanza, Kastori, akasimama kuwashukuru waliokuja. Alishukuru vizuri, kwa mpangilio, halafu akaona hawezi kukaa bila kusimulia habari ya samaki. Wote walikuwa wanaijua. Kwamba mzee alipokuwa kijana alicheza ngumi za kulipwa; kwamba alibakiza pambano moja tu Songea ili achukuliwe Dar es Salaam; na kwamba siku moja kabla ya pambano hilo aliwekewa mbele mbasa mzima wa kukaanga, juu ya wali, akamla mpaka akafyonza miiba, na kesho yake mizani ikamkataa. "Mwenyewe alikuwa anasema," Kastori akamalizia, "'Mimi sikupigwa na mtu. Nilipigwa na mbasa.'" Ua mzima ukacheka, hata katekista. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akanigusa kiwiko. "Dada, mbona hucheki? Hukuwahi kuisikia hii?" Nikamwambia sijawahi, na ilikuwa kweli. Sikuwahi kuisikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Na sikucheka kwa sababu samaki yule nilimla mimi.

Nilikaa kwa mjomba mwaka mmoja tu. Kwa nini nilitolewa ziwani, Lipingo, nikapandishwa milimani na sanduku la bati, ni habari ya nyumba nyingine na sitaiingiza humu. Itoshe kusema nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na siku ninaondoka hakuna mtu aliyetoka mlangoni kunitazama. Mjomba alinipokea njia panda, akachukua sanduku, akaliweka begani kana kwamba ni kikapu cha mayai. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na tukapanda kilima chote bila neno lingine. Nilidhani amekasirika kuletewa mzigo. Baadaye nikagundua alikuwa mtu wa namna hiyo, maneno yake yalikuwa machache na aliyapanga kwanza. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba viwili, na jiko la nje lenye moshi usioisha. Katika chumba chake kulikuwa na kitanda, rozari iliyotundikwa ukutani, na pembeni ya rozari, kwenye msumari wa pili, glovu nyekundu zilizopauka. Nilipokuwa nafagia nilikuwa napitisha macho kwenye misumari ile miwili kwa hofu ileile.

Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa miezi ile ya kwanza, na nimekuwa mjane sasa mwaka wa tisa, kwa hiyo najua ninachosema. Baridi niliivumilia. Kilichonishinda ni lugha. Kule kwetu ziwani tulisema Kinyasa, na mama hakuwahi kunifundisha Kimatengo chake. Wanawake wa Maguu walinisalimu kwa Kiswahili, kisha wakageukiana na kuendelea kwa lugha yao, na mimi nikabaki nimeshika ndoo yangu kisimani nikitabasamu kama mjinga. Mjomba naye alikuwa amekaa mijini miaka minane akipigana katika kumbi ambazo hakuna anayezikumbuka, Tanga, Morogoro, Iringa, na aliporudi wenzake wote walikwisha kuoa. Walimwita bondia, lakini kwa namna ya kumtania, kama unavyomwita mtu padri kwa sababu alifukuzwa seminari. Alikuwa amepigana mapambano kumi na moja na kushinda sita. Hayo nayajua kwa sababu aliniambia jioni moja tunakula, bila kuulizwa, akiwa anatazama bakuli la maharage. "Sita," akasema. "Siyo mabaya." Nikamwambia siyo mabaya, mjomba. Akaendelea kula.

Wapweke wawili wakikaa nyumba moja wanaweza kuishi mwaka mzima kila mmoja upande wake. Kilichotukutanisha sisi ni ngoro. Huku Umatengoni mteremko haulimwi hivihivi. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza katika miraba, kisha wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika, mpaka kilima chote kinajaa mashimo yaliyopangwa. Kazi ya jembe ni ya wanawake. Hilo halijadiliwi. Lakini mwezi wa tatu ule mjomba alifyeka, akalaza majani, kisha akachukua jembe na kuanza kuchimba mwenyewe. Mwalimu wake wa ngumi alikuwa amemwambia hakuna kitu kinachojenga mabega kuliko kuchimba mahali unaposimama vibaya. Wanawake wa shamba la juu waliacha kazi. "Gaudensi!" mmoja akamwita, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie. "Umeolewa na nani?" Mjomba hakusimama. Akajibu, "Na huyu mpwa wangu. Mkali sana, ananifanyisha kazi tangu asubuhi." Walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye lori, na nikashika jembe la pili, tukachimba kilima kile pamoja, shimo kwa shimo, yeye akihesabu pumzi zake. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na mtu.

Nikawa mpishi wake na msaidizi wake. Alfajiri alikimbia kwenda upande wa Litumbandyosi na kurudi, mimi nikimtayarishia uji usio na sukari. Nilimshikia gunia lililojazwa maganda ya kahawa, lililoning'inia kwenye mparachichi, nikiliegemea kwa bega wakati analipiga, na kila ngumi niliisikia kifuani mwangu. Mwezi wa sita barua ikaja kutoka Songea: pambano lipo, mwisho wa mwezi wa nane, uzito wa unyoya, kilo hamsini na saba zisizidi. Mjomba aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka nyuma ya picha ya Bikira Maria. Jioni ile alikula nusu ya ugali wake na kunisogezea nusu nyingine. Nikamwuliza, utajuaje umefika hamsini na saba? Akafikiri. "Kwa karani," akasema.

Karani wetu, Ditrami, alikuwa kijana mwenye miwani aliyepokea kahawa ya wakulima katika ghala la chama cha ushirika. Mizani yake ilikuwa ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa na mshale mweusi, imefungwa kwenye boriti, na ilikuwa na muhuri wa serikali. Hakukuwa na mizani nyingine ya kuaminika kutoka pale mpaka Mbinga mjini. Ikapangwa tuende kila Jumamosi mchana, wakulima wakiisha. Ujanja ulikuwa hivi: mpini wa jembe unafungwa kwenye ndoano, mjomba anaushika kwa mikono miwili, anakunja magoti, ananing'inia, uso umeelekea kwenye bati. Mwenyewe hawezi kuuona mshale. Mimi nasimama juu ya kreti na kusoma. "Soma, msomaji wangu," alikuwa akisema, meno yameumana. Mimi nasoma, yeye anajiachia, na anaandika kwa penseli mlangoni mwa chumba chake tukifika nyumbani.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa. Jumamosi ya kwanza, mjomba alipokuwa bado nje anavua viatu na sweta, mimi niliutazama mshale. Hakukuwa na kitu kwenye ndoano, lakini mshale haukukaa kwenye sifuri. Ulikaa mistari miwili chini yake, kila mstari kilo moja. Nikamwuliza karani kama mizani ni mbovu. "Siyo mbovu," akasema, akinionyesha kwa ncha ya kalamu. "Nimeurudisha mwenyewe. Mstari mmoja wa gunia, mstari mmoja wa maji, maana kahawa ya huku haikauki sawasawa na ukungu huu. Nikipima hivi sihangaiki kutoa baadaye." Hakuficha, wala hakuona kama ni siri. Wakulima walijua gunia linakatwa, ila walidhani linakatwa kwa kalamu. Mjomba akaingia amebaki na kaptula, anatetemeka kwa baridi na anacheka, akarukia ule mpini. Nikasoma sitini. Nilikuwa nimekusudia kumwambia tukiwa njiani. Njiani akanisimulia habari za Tanga, jinsi alivyoiona bahari mara ya kwanza na kusema hili ni ziwa lililoharibika, lina chumvi, na nikacheka, nikasahau. Mara ya kwanza, basi, nilisahau. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii.

Mara ya pili sikusahau. Katikati ya mwezi wa saba alikuja Mwalimu Saidi, mzee mfupi wa Songea aliyemfundisha mjomba ngumi tangu mwanzo, na mimi nikawa jikoni nachambua mawe kwenye maharage. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akisema kwamba kuna mtu wa Dar es Salaam atakuja kutazama, na mjomba akishinda ataondoka naye, kambi ipo, chumba kipo, mapambano yapo. "Na uzito?" Mwalimu Saidi akauliza. "Tunapima kila Jumamosi," mjomba akajibu, "mizani ya chama, ina muhuri. Mpwa wangu anasoma." Halafu Mwalimu Saidi tena: "Na huyu binti, ukiondoka?" Mikono yangu ilisimama kwenye ungo. "Atarudi ziwani kwa baba yake," mjomba akasema. "Atarudi tu. Ni kwao." Hakulisema vibaya. Alilisema kama mtu anayesema mvua ikinyesha tutaanua nguo. Lakini mimi nilikuwa naijua ile nyumba ya Lipingo, na nilijua hakuna aliyekuwa ananingoja pale. Nilimaliza kuchambua maharage, nikayapika, nikawapakulia. Mwalimu Saidi alisema yameiva vizuri.

Jumamosi iliyofuata nilipanda juu ya kreti, nikautazama mshale kabla mjomba hajaingia. Mistari miwili chini. Nikamsubiri aning'inie, nikasoma hamsini na nane. "Umesoma vizuri?" Nimesoma vizuri, mjomba. Kila nambari niliyomsomea ndiyo iliyokuwa kwenye ule uso wa mizani, sikuongeza, sikupunguza. Nilijishikilia hapo msimu wote. Usiniulize nilifikiri nini kitatokea. Nilifikiri kama mtoto: kwamba labda hawatampima, kwamba labda mizani ya Songea nayo ina gunia lake, kwamba labda atashindwa kidogo tu na kurudi nyumbani tuchimbe ngoro. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani na nilitaka asiende. Mwisho wa mwezi wa nane mshale ukasimama kwenye hamsini na sita na nusu. Nilipomsomea, mjomba alijiachia kutoka kwenye mpini, akanikamata mabega na kunizungusha ghalani mpaka vumbi la kahawa likamjaza karani miwani.

Tulikwenda Songea juu ya magunia, katika lori la kahawa. Tulifikia kwa binamu yake, Mama Veronika, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, ambaye hakuelewa hata kidogo maana ya kupima uzito. Alijua tu kwamba ndugu yake anakwenda kupigwa kesho na amekonda. Kwa hiyo alimtuma mtu stendi akamtafutie mbasa wa Mbamba Bay. Alimkaanga mzima. Akamweka juu ya wali katika sahani ya wageni, yenye maua, akaiweka mbele ya mjomba na kusimama pale mikono kiunoni. Mjomba alimshukuru sana. Alisubiri mpaka Mama Veronika alipotoka kwenda kutazama moto, kisha akazungusha sahani, mkia wa samaki ukanielekea mimi. "Kula wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe ndiye mtu wa ziwa. Haraka, asituone." Nilikuwa sijaonja mbasa tangu niondoke Lipingo. Nilimla wote. Mjomba alikaa amejiegemeza ukutani, midomo imekauka, ananitazama nikila, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya barua. Mama Veronika aliporudi alikuta miiba upande wangu, lakini mjomba alikwisha kuivuta sahani akaifuta kwa kidole. "Ee, sasa hapo utampiga mtu!" akasema yule mama, na mjomba akampa mkono.

Kesho yake asubuhi walipima ukumbini, kwenye mizani ya kusimama, watu wapatao kumi wakiwa wamezunguka. Mjomba alipanda na kaptula tu. Msimamizi alisogeza chuma, akakisogeza tena. "Hamsini na nane na nusu." Mjomba akasema haiwezekani. Akashuka, akapanda. Hamsini na nane na nusu. Yule mtu wa Dar es Salaam, amevaa suti ya kahawia, alitazama saa yake. Walimpa mpaka saa sita. Mwalimu Saidi alimvisha sweta mbili na koti la mvua, akamkimbiza kuzunguka uwanja katika jua, nami nilisimama kwenye kivuli cha ukumbi na chupa ya maji ambayo hakuruhusiwa kuinywa. Alikuwa hajanywa maji tangu juzi, jasho lilikuwa halitoki tena. Kila alipopita mbele yangu alinitazama, siyo kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Saa sita alikuwa amepunguza robo tatu ya kilo. Wakaweka vijana wengine wawili kwenye nafasi yake. Tulirudi kwa lori lilelile, sasa tupu, tukirushwarushwa, na karibu na Mbinga akauliza, bila kugeuka, "Ulisoma ngapi, ile ya mwisho?" Hamsini na sita na nusu, mjomba. Akatikisa kichwa. "Basi," akasema.

Hakupigana tena. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, alibaki, na hapo ndipo upweke wenyewe ulipoanza. Aliendelea kuniita msomaji wangu, aliendelea kunisogezea nusu ya ugali ingawa hakuwa tena na sababu ya kukonda, na wema wake ule sikuweza kuumeza. Glovu alizitoa msumarini, akatundika kofia. Mwezi wa kumi na mbili masista walitafuta wasichana wa kusaidia zahanati upande wa Njombe, nikaomba niende. Alibeba sanduku langu begani mpaka njia panda, akasimama barabarani mpaka lori likapinda kona. Kazi ya zahanati ndiyo niliyoifanya maisha yangu yote, na sehemu kubwa yake ilikuwa kupima watoto wachanga katika mizani ya kuning'iniza. Kila mtoto, kabla ya kumweka, nilirudisha mshale kwenye sifuri, nikachutama kuuhakikisha. Wenzangu walinicheka, wakasema mama huyu ana ushirikina. Maguu nilifika mara mbili tu, harusi yake na ubatizo wa Kastori, na mara zote mbili niliondoka asubuhi iliyofuata. Mbele yangu hakuna aliyetaja ngumi. Niliona ni afadhali. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda kumwambia, na Kastori aliponipigia simu wiki iliyopita, nauli ilikuwa kwenye pochi tangu Pasaka.

Watu walipoanza kutawanyika, nilimwona mzee amekaa peke yake benchi la mwisho, fimbo kati ya magoti, miwani minene. Nilimjua kwa miwani. Nikamwendea, nikampa shikamoo karani. Akainua uso, akanitafuta kwa macho yasiyoona vizuri. "Marahaba. Sauti ya ziwa hiyo. Si ni msomaji?" Nikakaa. Nilitaka kumwuliza, na nilikuwa naogopa, na yeye akaanza mwenyewe, kama mtu aliyeingoja siku hiyo kwa muda mrefu.

"Wiki ileile mliyorudi alikuja ghalani," karani akasema. "Peke yake. Akasimama chini ya mizani, hajashika kitu, anaangalia juu. Akaniuliza, 'Karani, mshale huu uko hivi tangu lini?' Nikamwambia tangu msimu uanze, na mpwa wako anajua, nilimwonyesha siku ya kwanza kabisa. Akaukazia mshale macho, mama, mpaka nikasogea nyuma ya meza, maana yule alikuwa bondia. Nikamwambia, Gaudensi, watu wanaulizana kijiji kizima, ngoja niwaeleze kwamba ni mizani. Akanishika mkono hapa. Akasema, 'Usimwambie mtu. Watamwuliza mtoto. Mimi nilikula samaki, karani. Umesikia? Nilikula samaki.'"